Kichwa kinauma wapi, kinauma vipi: namna ya kupima maumivu ya kichwa kwa tiba ya Kichina

Mgonjwa anayeingia akisema "kichwa inaniluma" bado hajakupa kitu cha kushika. Inaweza kuwa baridi iliyompiga kisogoni alfajiri, damu pungufu baada ya kujifungua, hasira iliyokaa kifuani mwezi mzima, au palu, yaani malaria. Kazi yako ni kuyachambua maneno hayo: anaumwa pahali gani, kwa namna gani, saa ngapi, nini kinazidisha na nini kinatuliza, ulimi ukoje, mapigo yakoje. Wanaoanza hukosea hapa: wanauliza pahali panapouma, wanataja njia ya qi (nguvu inayozunguka mwilini) inayopita hapo, halafu wanachukua sindano. Pahali panaonyesha mlango uliofunguka, bado hujajua nani ameingia.

Maelezo haya ni kwa anayejifunza au anayefanya tiba hii Goma. Yanahusu kupima tu. Dawa za mizizi na sindano zina somo lake.

Kwanza, mtu asiyekuwa wako

Wachina wa kale walijua kwamba kuna vichwa visivyo vya sindano. Lingshu, sehemu ya Huangdi Neijing iliyoandikwa miaka 2000 hivi iliyopita, inataja "maumivu ya kweli ya kichwa": ubongo wote unauma, mikono na miguu inapoa mpaka kwenye viungo, na mgonjwa anakufa. Basi usione haya kumpeleka mtu hospitali kabla hujamgusa mkono. Ni sehemu ya tiba yenyewe.

Mpeleke saa hiyo hiyo mtu ambaye maumivu yalifika kilele ndani ya dakika moja, kama aliyepigwa rungu. Hali kadhalika mwenye homa na shingo ngumu, aliyechanganyikiwa, aliyepata degedege, ambaye mdomo umekwenda upande au mkono mmoja umelegea. Mwenye jicho jekundu linalouma na anayeona duara za rangi kuzunguka taa asikawie pia. Mjamzito aliyepita wiki 20, au aliyejifungua karibuni, akilalamika kichwa, mpime tansio (shinikizo la damu) kabla ya yote: ikifika 140/90 ni hospitali, hata kama anacheka. Mwenye virusi vya UKIMWI ambaye kichwa kinamuuma siku kadhaa mfululizo, na mtu ambaye kichwa kimeanza kumsumbua kwa mara ya kwanza baada ya miaka 50, nao wachunguzwe hospitali kwanza.

Aliyeanguka na pikipiki anahitaji swali la ziada. Damu inaweza kuvuja polepole chini ya fuvu, dalili zikatokea wiki kadhaa baadaye, wakati yeye mwenyewe ameshasahau kuanguka. Uliza hivi: "Papa, ndani ya miezi tatu hii, ulianguka ao ulijigonga kichwa?" Usiulize tu "uliumia?", maana atajibu hapana.

Homa na kichwa hapa kwetu maana yake ni kipimo cha malaria siku hiyo hiyo. Vitabu vitakuambia kwamba homa, kiu, utando wa manjano na mapigo ya haraka yanayoelea ni upepo wa joto, jina la Wachina la ugonjwa unaoingia kutoka nje. Malaria inaweza kuleta picha hiyo hiyo, na ukichelewa siku mbili kwa mtoto mdogo unaweza kumpoteza.

Halafu kuna hewa. Uliza kama watu wengine nyumbani wanaumwa kichwa pia, na kama kinapoa wakitoka nje. Makala yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa yanatoa gesi isiyo na harufu, nayo huanza na kichwa na kichefuchefu kabla ya kuua. Na anayeishi au kulima kwenye bonde la mawe ya lava muulize habari ya mazuku: hewa ya ukaa inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa ya kawaida, inayojikusanya mahali pa chini hasa usiku na asubuhi mapema kabla upepo haujavuma. Hakuna sindano inayotibu hewa mbaya. Mtu ahame chumba, afungue dirisha, na asilale chini.

Mwisho, dawa anazomeza. Anayekunywa paracetamol au ibuprofen siku 15 au zaidi kwa mwezi, au vidonge vya mchanganyiko siku 10 au zaidi, kwa muda unaopita miezi 3, huenda dawa zenyewe ndizo zinamletea kichwa. Na aliyepewa kwinini wiki hii, masikio yakimlia na kichwa kikimzunguka, usiandike "figo dhaifu". Ni kwinini.

Kuketisha mgonjwa

Unahitaji viti viwili, meza, mto mdogo au taulo lililokunjwa, saa yenye mshale wa sekunde, kipima joto, mashine ya tansio na daftari. Meza iwe karibu na dirisha. Mgonjwa apumzike dakika 10 kabla ya kushikwa mkono. Aliyeteremka kwenye pikipiki sasa hivi, au aliyepanda mlima na mzigo, mapigo yake yanasema habari ya mlima. Asiwe amekunywa kahawa wala kasiksi (pombe ya ndizi) asubuhi hiyo.

Kuuliza

Wachina wanahesabu njia nne za kupima: kutazama, kusikiliza pamoja na kunusa, kuuliza, na kugusa. Kwa kichwa, kuuliza kunabeba zaidi ya nusu ya kazi. Mwache mgonjwa aonyeshe kwa mkono wake, usimtajie majina ya sehemu. Mkono wake utasema mengi: kidole kimoja juu ya nukta moja, kiganja kizima kwenye panja, au mikono miwili inayobana kichwa kote.

Kisogo na shingo ni njia ya Taiyang. Paji la uso na nyusi ni Yangming, inayohusiana na tumbo la chakula. Panja na pande za kichwa ni Shaoyang, njia ya nyongo. Utosi ni Jueyin, njia ya ini. Kichwa chote kikiwa kizito kama kilichofungwa kitenge kibichi, fikiria unyevu.

Sasa aina ya maumivu, na hapa usiwe na haraka. Kila neno la mgonjwa lina mwenzake kwenye elimu hii, ila yeye hatalitaja kwa lugha ya vitabu. Mpe maneno ya kuchagua, mawili mawili: kinagonga au kinabana? Kinachoma kama sindano au ni kizito? Kinauma kwa nguvu au ni kama kimebaki tupu ndani? Kugonga pamoja na joto usoni kunaelekea yang (upande wa joto na mwendo) ya ini inayopanda. Kuchoma kama sindano, pahali pale pale, zaidi usiku, ni damu iliyokwama. Uzito na kichefuchefu ni makohozi, na neno hilo kwa Wachina halimaanishi kikohozi peke yake, bali ute mzito unaojaa mwilini chakula kisipogeuzwa vizuri. Maumivu hafifu yanayokuja na uchovu, yanayopungua mtu akilala, ni upungufu.

Swali moja linaokoa muda mwingi: "Ukibonyeza, unasikia nafuu ao inazidi?" Nafuu inaelekea upungufu, kuzidi kunaelekea kitu kilichojaa. Fanya mwenyewe pia. Bonyeza mashimo mawili chini ya fuvu, pande zote mbili za misuli ya shingo, pahali paitwapo Fengchi, ziwa la upepo. Bonyeza polepole kwa dole gumba, hesabu mpaka 5. Ukiona mgonjwa anaruka, shingo yenyewe imekaza, na kwa wasukuma chukudu (baiskeli ya mbao ya mizigo) au wanawake wanaobeba mzigo kwa kamba ya kichwani hilo ni jambo la kila siku. Shingo ya namna hiyo inaweza kuleta maumivu ya kisogo bila baridi yoyote kuingia.

Uliza muda. Siku chache maana yake mara nyingi ni kitu cha nje: upepo ukiandamana na baridi, joto au unyevu. Miezi na miaka ni cha ndani. Uliza usingizi, haja, kiu, mkojo, masikio, na kwa mwanamke tarehe ya hedhi ya mwisho na kama kichwa kinakuja kabla yake au baada. Kabla ni kujaa, baada ni upungufu wa damu. Uliza pia hasira na huzuni, lakini kwa heshima. Mtu aliyehama nyumba yake mara mbili hatafungua moyo kwa swali la ghafla. Mwachie liwe la mwisho, mkono wake ukiwa tayari juu ya taulo.

Ulimi

Tazama kwa mwanga wa dirisha. Balbu ya manjano inageuza kila utando kuwa wa joto. Mwambie atoe ulimi bila kuukaza, kwa sekunde 15 tu, aurudishe, apumzike, atoe tena kama hujamaliza. Ukitolewa muda mrefu unajaa damu na kuwa mwekundu zaidi ya ulivyo.

Anza na mwili wa ulimi. Uliopauka unasema qi au damu ni pungufu. Mwekundu unasema joto. Wenye rangi ya zambarau au madoa meusi unasema damu imekwama, na hapo mwambie ainue ncha uone mishipa ya chini: ikiwa minene na myeusi, una ushahidi wa pili. Alama za meno pembeni ni bandama dhaifu. Ncha ni ya moyo na mapafu, pande ni za ini na nyongo, katikati ni bandama na tumbo, shina ni figo. Kisha utando: mwembamba mweupe ni wa kawaida, wa manjano ni joto, mnene unaonata kama uji wa muhogo ni unyevu na makohozi, na ulimi usio na utando kabisa, mwekundu, unasema yin (upande wa baridi na majimaji) imekauka.

Kinachopotosha ni vitu vidogo. Kahawa, manjano ya jikoni na peremende vinapaka rangi. Wengi wanasugua ulimi kwa mswaki asubuhi, na utando uliosuguliwa unaonekana kama yin iliyokauka. Dawa ya madini ya chuma inaweza kuufanya mweusi. Uliza kabla ya kuandika.

Mapigo

Mkono wa mgonjwa ulale juu ya taulo, kiganja juu, sawa na kimo cha moyo. Tafuta mfupa uliotokeza upande wa dole gumba, juu kidogo ya kifundo. Kidole chako cha kati kikae juu ya mshipa, mkabala na mfupa huo: hapo ni guan. Kidole cha shahada kiangukie upande wa kiganja, cun. Kidole cha pete upande wa kiwiko, chi. Mtu mrefu, tawanya vidole. Mtoto, kidole kimoja kinatosha. Mkono wa kushoto unasoma moyo, ini na figo kwa mpangilio huo. Wa kulia unasoma mapafu, bandama na upande wa yang wa figo.

Gusa kwa wepesi kwanza, kisha kwa nguvu ya kati, kisha bonyeza karibu na mfupa. Kaa mapigo 50 kila mkono. Wengi wanaachia baada ya 10, na hapo ndipo wanapokosa pigo linaloruka. Hesabu kwa pumzi yako mwenyewe: mapigo 4 au 5 kwa pumzi moja ni kawaida, 3 ni polepole, 6 ni haraka. Hakikisha kwa saa.

Kwa maumivu ya kichwa, jifunze mapigo sita kwanza, mengine yatafuata. Linaloelea linasikika ukigusa tu na kufifia ukibonyeza, kama ubao juu ya maji: kitu cha nje. Lililokaza ni kama kamba iliyosokotwa: baridi. La uzi limenyooka na gumu chini ya vidole vyote vitatu, kama uzi wa gitaa: ini, au maumivu makali yenyewe. Linaloteleza linapita kama punje za shanga katika sahani: makohozi, au mimba, kwa hiyo rudi kwenye swali la hedhi. Linalokwaruza linakwenda kwa kusitasita: damu iliyokwama. Jembamba kama uzi wa kushonea: damu pungufu.

Tuseme wazi: waganga wawili wakishika mkono mmoja mara nyingi hawakubaliani. Kwa sababu hiyo mapigo hayaamui peke yake. Na mgonjwa anayekunywa propranolol au atenolol kwa ajili ya tansio atakuwa na mapigo ya polepole yasiyohusu baridi hata kidogo.

Kuweka pamoja

Andika hitimisho pale tu ambapo maneno ya mgonjwa, ulimi na mapigo vinakubaliana, au angalau viwili kati ya vitatu.

Upepo wa baridi ni ule wa motari, dereva wa pikipiki, aliyetoka saa 11 alfajiri bila kufunika shingo, kwenye mji huu ulio kwenye kimo cha mita 1,500 hivi: kisogo kinauma tangu jana, anachukia upepo, hana kiu, utando mweupe mwembamba, mapigo yanaelea na kukaza. Upepo wa unyevu unafanana naye, ila kichwa na viungo ni vizito na mvua inazidisha.

Yang ya ini inayopanda inagonga kwenye panja, macho mekundu, mdomo mchungu, masikio yanalia, hasira inawasha moto. Pande za ulimi ni nyekundu na mapigo ni ya uzi, ya haraka. Huyu lazima apimwe tansio, na ikifika 180/120 pamoja na kichwa kikali haendi nyumbani, anakwenda hospitali. Makohozi yanaleta ukungu kichwani, kutapika ute, utando mnene na mapigo yanayoteleza. Baridi kwenye njia ya Jueyin inauma utosini na mgonjwa anatema mate mepesi yenye povu. Zhang Zhongjing, mganga wa Kichina wa kale, aliieleza karibu na mwaka 200, na bado dalili hiyo ya mate ndiyo inayoitambulisha haraka.

Upungufu wa qi unakuja na kazi na unaondoka na usingizi. Upungufu wa damu unazidi mchana na baada ya hedhi, midomo imepauka, moyo unadunda. Geuza kope la chini: likiwa jeupe, peleka akapimwe damu, kwa sababu malaria ya mara kwa mara na uzazi wa karibu karibu vinaacha upungufu unaohitaji tiba ya hospitali. Upungufu wa figo unaacha kichwa kama debe tupu, na kiuno na magoti hayana nguvu.

Vikipingana, tumia desturi hii: kwa ugonjwa wa siku chache amini mapigo zaidi, kwa sababu ulimi unachelewa kubadilika, kwa ugonjwa wa miaka amini ulimi zaidi, kwa sababu mapigo yanageuka na hofu au chakula cha leo.

Chukua mfano wa mama wa miaka 42 anayeuza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, kwenye soko la Kituku. Miaka 2 kichwa kinamuuma: siku mbili kabla ya hedhi panja la kulia linagonga, na hedhi ikiisha utosi unabaki na maumivu hafifu na kizunguzungu. Tansio 128/82. Hana homa, anameza paracetamol siku 6 kwa mwezi. Ulimi umepauka, pande zake nyekundu kidogo. Mapigo ni membamba, lakini guan ya kushoto inasimama kama uzi wa gitaa. Aliyesikia "panja linagonga" tu atashusha yang ya ini, na mama atatoka akiwa mchovu zaidi ya alivyoingia. Shina ni damu pungufu, tawi ni ini linalopanda kwa sababu hakuna damu ya kulituliza. Kope lake ni jeupe, basi anapimwa damu kabla ya lolote.

Na namna ya kumweleza ina uzito wake. Usimwambie "ini lako limepanda": ini la Wachina ni jina la kazi fulani mwilini, na yeye atafikiri ana hepatitisi. Usimwambie mgonjwa yeyote "una upepo", kwa maana atasikia pepo na kukimbilia chumba cha maombi, au atafikiri mazuku. Sema: "Mama, damu yako inaonekana kidogo, na kazi na mawazo vinapandisha joto kichwani. Tupime damu kwanza."

Katika daftari andika tarehe, pahali, aina, kinachozidisha, tansio, joto la mwili, ulimi, mapigo ya mikono yote miwili, dawa anazomeza, kisha hitimisho. Kichwa cha nje mtazame tena baada ya siku 3. Cha hedhi, fuata mizunguko 3 na mwambie aweke alama ya siku zenye maumivu kwenye kalenda ya ukutani. Siku zisipopungua kufikia mzunguko wa tatu, fungua ukurasa wa kwanza na uanze kuuliza upya.